Mabomba Aliyoziba Wilmar

Nibia Olivera, Mungu ampe raha ya milele, alitunza nyumba za watu kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kumiliki hata moja. Wenyewe walizijua nyumba zao kwa jua la Januari: milango wazi, watoto wenye mchanga miguuni, nyama juu ya makaa. Yeye alizijua Julai. Alijua ni ukuta upi unaotoa jasho, ni dirisha lipi linalolia upepo ukigeuka, na ni godoro la nani lisilokauka hata ukilianika wiki nzima.

Barra Serena, kijiji cha mapumziko pwani, ikifika Mei na baridi yake hufungwa kama duka. Watu wa Montevideo wanaondoka, muuza aiskrimu anaondoka, basi linapungua kutoka mara sita kwa siku hadi mara moja, na wanabaki watu kama arobaini nyuma ya misonobari, kila mmoja na jiko lake la kuni. Nibia na mumewe Wilmar walikuwa na funguo za nyumba kumi na nne. Kazi waliigawana wiki ya kwanza ya ndoa na hawakuigawa tena: ndani ni kwa Nibia, nje na juu ya paa ni kwa Wilmar. Yeye hakupanda ngazi, na mumewe hakugusa shuka.

Moja ya kazi za Wilmar ilikuwa kuziba mabomba. Kila bafu pale lina hita ya maji inayowaka kwa gesi, na hewa yake chafu hutokea kwenye bomba fupi lililochomoza juu ya paa. Ukiliacha wazi wakati wa baridi, nyigu wanajenga humo, shomoro wanafuata, na upepo wa bahari unamalizia kwa mchanga. Kwa hiyo watunza nyumba wa pwani ile huziba bomba kwa tambara lililochovywa mafuta ya taa. Na ili mtu asije akawasha hita bomba likiwa limezibwa, huondoa mtungi wa gesi na kwenda kuuweka kwao. Kanuni ilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kuiandika: mtungi haupo, bomba limezibwa; mtungi upo, bomba liko wazi.

Mwaka wa kisa hiki, mwezi Mei, Wilmar alipanda mapaa Jumatano na Alhamisi, akianzia nyumba za ufukweni kurudi bara, kama desturi yake. Mitungi alipenda kuikusanya yote kwa siku moja, Jumamosi, kwa mkokoteni wa jirani. Ijumaa asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda avae viatu, akavaa kimoja, akalala chali, asiinuke tena. Alikuwa na miaka hamsini na nane.

Hakuwa amemwambia mkewe amefanya nini huko juu wala amefika nyumba ya ngapi. Nani huulizana mambo hayo mezani?

Baada ya maziko Nibia alizunguka nyumba zote kumi na nne, akaikuta mitungi yote mahali pake. Juu ya paa kuna kazi nyingi: majani ya misonobari kwenye mifereji, antena, vigae vilivyopasuka. Akajisemea kwamba maskini, mabomba hakuwa ameyafikia. Basi nyigu na wajenge. Ngazi yeye haipandi.

Tangu hapo akaanza kuziogopa zile nyumba. Hakuwa mwoga, lakini nyumba tupu ina namna yake ya kunyamaza mtu anapoingia, kama watu waliokuwa wakimsengenya. Juni wezi walivunja nyumba mbili upande wa mnara wa taa, akawekesha komeo za chuma kwa ndani kwenye milango yote. Zile komeo hazikumtuliza. Alikuwa akibisha hodi kabla ya kutumbukiza ufunguo, kisha anaingia akisali kwa sauti kubwa, chumba hadi chumba, akifungua madirisha.

"Unabisha hodi nyumba ambayo ufunguo unao wewe!" Zulma wa duka la mikate alimcheka. "Siku mtu akikujibu karibu, mama, utakufa papo hapo."

"Ndiyo maana nasali kwanza."

Ijumaa moja ya Julai upepo wa kusini-mashariki ulikuwa siku yake ya tatu. Bahari ilipanda hadi kwenye matuta ya mchanga, mnara wa simu ukalala, na mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Kwenye nyumba iliyoitwa Nyumba ya Wajomba, ya tisa kutoka ufukweni, bati moja la paa lilikuwa limeanza kupiga kofi. Lingeachwa mpaka usiku lingeng'oka lote. Nibia alimtafuta mtu wa kumsaidia, hakupata. Akaitoa ngazi ya Wilmar bandani, akaiegemeza ukutani, akafanya ishara ya msalaba na kupanda kwa mara ya kwanza maishani mwake, misumari ikiwa katikati ya midomo.

Alipigilia msumari wa kwanza na wa pili. Alipoinua macho kutafuta pa kushika akaliona bomba la hita, hatua moja kutoka puani mwake, na mdomoni mwa bomba sufu ya kijani. Aliijua. Ulikuwa mkono wa sweta alilomfumia Wilmar mwaka wa kwanza, likaliwa na nondo. Akalivuta tambara, likatoka zito, lina harufu ya mafuta ya taa. Akaliweka shavuni, akalia pale juu ya paa, upepo ukimng'ang'ania sketi. Kitu pekee alichofikiri wakati ule ni kwamba vidole vya mumewe ndivyo vya mwisho kukigusa kitambaa kile.

"Haya! Leo tumeota mbawa!"

Chini alikuwa Zulma, juu ya pikipiki yake kuukuu, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani.

"Shuka, mama, usituongezee mazishi!"

"Nyamaza wewe, nishikie ngazi."

"Nimeshika. Ila nimekuletea habari: mzee wako kafika."

"Mzee gani?"

"Una wazee wangapi? Don Ulises. Kashuka basi la saa tisa na begi dogo, kalowa kama jogoo aliyetumbukia kisimani. Kanunua mkate na jibini. Nikamwambia, ngoja nimwite Nibia akuwashie moto. Kasema hapana, usimsumbue, ana msiba wake. Ataoga maji ya moto halafu alale."

Nibia akafurahi kwanza. Don Ulises alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, naye mkewe Elvira alikufa Machi. Hakuna aliyemtarajia kabla ya Oktoba. Akaanza kushuka, mguu mmoja baada ya mwingine, tambara mkononi, akiwaza kama kuna kuni kavu kule. Alikuwa katikati ya ngazi alipoliangalia lile tambara mara ya pili.

Mtungi wa Nyumba ya Wajomba ulikuwapo. Aliuona kwa macho yake, nyuma ya ukuta, umefungwa kwa mpira wake. Na bomba lilikuwa limezibwa.

Wilmar alianzia baharini. Hii ilikuwa nyumba ya tisa. Pumziko la Elvira, nyumba ya Don Ulises, ilikuwa ya tatu.

"Kasema ataoga?" Nibia aliuliza.

"Sasa asioge? Mtu kalowa mpaka—"

"Saa ngapi hiyo, Zulma? Saa ngapi?"

"Sijui, nusu saa hivi. Una nini? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Bomba limezibwa. Wilmar alikwisha ziba. Mtungi upo na bomba limezibwa. Ataivuta ile hewa chafu ya hita humo bafuni. Mpigie simu!"

"Simu ipi, mama? Mnara umelala tangu jana." Zulma alikuwa ameshaiwasha pikipiki. "Panda. Panda! Tupa hilo tambara unishike kiunoni."

Njia ya ufukweni haikuwapo tena, bahari ilikuwa imeimeza. Wakashika ya misonobari, inayozunguka karibu kilomita mbili. Mvua iliwachapa machoni. Nibia alianza Salamu Maria begani kwa Zulma na kila alipofika kwenye "sasa, na saa ya kufa kwetu" ulimi uligoma. Alirudi mwanzo, akafika palepale, ukagoma tena. Aliona kama akiyatamka maneno yale yatatangulia kufika kule nyumbani kabla yake. Akabaki na nusu ya sala, mara kumi, mara ishirini.

Akilini alimwona Don Ulises akivua koti. Akamwona akitafuta kiberiti kwenye droo ya pili, ambako yeye mwenyewe alikiweka, kikavu, ndani ya kopo, ili wageni wasihangaike. Kila kitu alichokipanga vizuri katika nyumba ile sasa kilikuwa kinamsaidia mzee kufa upesi.

Kijito kilikuwa kimefurika. Pikipiki iliingia, ikakohoa mara mbili, ikazimika katikati ya maji.

"Usiniambie!" Zulma aliipiga teke. "Mshenzi wewe, leo?"

Nibia alikuwa ameshashuka. Maji yalimfika mapajani, baridi yake ikamkata pumzi, na viatu vya mpira vikajaa. Akaviacha humohumo. Alikuwa na miaka hamsini na tano na magoti mabovu, na alikimbia kupanda matuta yale kwa soksi. Nyuma yake alimsikia Zulma akianguka, akitukana, akiinuka.

Taa ya bafu ilikuwa inawaka. Kadirisha kadogo kalikuwa kametandwa na mvuke. Na maji yalikuwa yanamwagika. Aliyasikia hata katika upepo ule.

"Don Ulises!"

Maji tu.

"Don Ulises, ni Nibia! Zima hita! Toka nje!"

 Akakimbilia nyuma kwanza, akaufunga mtungi, mkono ukiteleza, akiuzungusha mpaka ukagoma. Kisha mlango wa jikoni. Ufunguo uliingia, ukageuka, mlango haukwenda. Komeo. Ile komeo ya chuma aliyowekesha yeye, dhidi ya wezi, ilikuwa imefungwa kwa ndani na mzee mtiifu aliyeambiwa kwa barua kwamba siku hizi ni lazima kufunga.

"Sogea," Zulma alisema, tofali mkononi.

Kioo cha mlango kiliingia ndani. Nibia akapitisha mkono, akajikata kiwiko, hakuhisi, akaivuta komeo. Akavuta pumzi ndefu pale mlangoni, akaifunga kifuani, akaingia. Mlango wa bafu haukuwa umefungwa kwa ufunguo lakini ulikuwa mzito. Mzee alikuwa ameuangukia. Waliusukuma wote wawili kwa mabega. Alilala sakafuni, taulo kiunoni, maji yaliyokwisha kupoa yakimpiga miguuni. Uso wake ulikuwa mwekundu, wa kupendeza, kama wa mtoto aliyetoka kucheza. Hilo lilimtisha Nibia kuliko kama angekuwa mweupe, maana ndiyo rangi ya waliovuta hewa ile.

Walimshika makwapani wakamburuta, jikoni, juu ya vioo, hadi barazani, katika ule upepo waliokuwa wakiulaani siku tatu. Nibia alimvua Zulma ule mfuko wa plastiki, akamfunika mzee, kisha akaanza kumpiga mashavuni.

"Mwalimu! Mwalimu Ulises! Usinifanyie hivi. Mmoja anatosha mwaka huu. Mungu wangu, mmoja anatosha!"

"Anapumua?"

"Sijui. Nyamaza. Sijui!"

Aliweka sikio kifuani mwake. Alichosikia ni moyo wake mwenyewe. Akaweka shavu puani pake, akangoja, na katika kungoja kule, alisema baadaye, alizeeka. Kisha kitu kikamgusa shavuni, kidogo mno, cha joto. Kikakoma. Kikarudi.

Mzee akakohoa, akageuza kichwa, akatapika chai na jibini juu ya mapaja ya Nibia.

"Tapika, baba. Tapika yote," Nibia alisema, akimshika paji la uso. "Hii sketi ni kuukuu."

"Elvira," mzee alinong'ona, "mbona umefungua madirisha yote?"

Zulma alikimbia hadi kituo kidogo cha walinzi wa pwani, akarudi na askari wawili na gari lao la kupita mchangani. Walimviringisha mzee katika blanketi. Askari mmoja akamwambia Nibia apande naye, na Nibia akaweka mguu kwenye kidaraja cha gari, akausimamisha hapo.

Wikendi ilikuwa ndefu. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Kulikuwa na nyumba nyingine za ufukweni, na mitungi yake, na hakuna mtu aliyempigia simu kwa sababu hakuna simu iliyopokea. Don Ulises alikuja bila kusema. Nani mwingine alikuwa amekuja bila kusema?

"Nenda naye wewe, Zulma."

"Na wewe je? Angalia unavyotetemeka."

"Nenda naye. Mshike mkono, usimwache alale."

Alikwenda peke yake, miguu mitupu, na mwanga ulikuwa unaondoka. Juu ya mapaa asingeweza katika upepo ule. Lakini kila mtungi una kichwa chake kinachounganisha mpira, na bila kichwa hakuna gesi. Hivyo alibeba gunia na kuzunguka nyumba moja baada ya nyingine akivifungua vile vichwa. Kabla ya kugusa kitu alisimama chini ya dirisha la bafu, akasikiliza kama kuna maji. Kila nyumba ilimnyima jibu kwa muda wa pumzi tatu au nne, na katika pumzi hizo aliwaona humo ndani watu wote aliowahi kuwatandikia vitanda. Kwenye nyumba ya saba bomba la mvua lilimwaga maji kwenye ndoo, akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Nyumba ya kumi na mbili aliona taa, akaukimbilia mlango, akaupiga kwa ngumi. Ulikuwa mwanga wa mwisho wa magharibi kwenye kioo.

Hakukuwa na mtu. Nyumba zote zilikuwa tupu, kama zilivyotakiwa kuwa. Alifika kwake na gunia la vichwa vya chuma, akakaa sakafuni mbele ya jiko lisilo na moto, na hapo akamaliza ile Salamu Maria, mpaka mwisho, na Amina yake.

Kesho yake upepo ulikuwa umelala. Alipata lifti hadi hospitali ya Castillos. Don Ulises alikuwa ameegemezwa mito miwili, pua ikiwa na mrija wa hewa, amekasirika kwa sababu chumvi kwenye supu ilikuwa haba. Kwenye kiti alikuwa Zulma, anasinzia.

"Nibia, mwanangu. Huyu binti ananiambia nimeponzwa na ndege."

Zulma alifumbua jicho moja, akamtazama Nibia kwa lile jicho. "Shomoro," alisema. "Walijenga kiota kwenye bomba. Si ndiyo, mama? Shomoro hawana adabu mwaka huu."

Hadithi ilikuwa imeshatengenezwa, tayari kuvaliwa. Nibia angetikisa kichwa tu, na nyumba kumi na nne zingebaki zake, na kibanda alichoishi, kilichokuwa nyuma ya nyumba ya mmoja wa hao wenye nyumba. Na jina la Wilmar lingelala kaburini bila doa. Alisimama miguuni mwa kitanda, kiwiko kimefungwa bandeji, akiogopa kuliko alivyoogopa majini.

"Hapana," alisema. "Si ndege. Ni Wilmar aliyeziba, Don Ulises, kama kila mwaka. Akafa kabla ya kuondoa mtungi. Na mimi niliuona ule mtungi kila wiki kwa miezi miwili, sikupanda kuangalia, kwa sababu sikutaka kugusa ngazi yake. Ningekuua. Kama utataka kuwaambia wenye nyumba wenzako, nami nitawaambia. Ufunguo wako nimekuja nao."

Aliuweka juu ya blanketi. Zulma aliguna, akaangalia dirishani.

Mzee aliugeuza ufunguo kwa kidole.

"Zulma alitaka kukuita," alisema hatimaye. "Mimi nikamkataza. Nikasema una msiba wako. Ni uongo. Nilitaka kukaa katika nyumba ile siku mbili bila mtu wa kuniona nikilia. Nilikuwa nimeshaanza kulia kwenye basi, mwanangu, watu wakidhani ni mafua." Akausukuma ufunguo mpaka ukingoni mwa kitanda, upande wa Nibia. "Chukua. Nyumba haiwezi kujitunza. Na uniletee chai yangu chungu ya majani na kibuyu chake cha kunywea. Hapa wananinywesha maji ya maua."

Nibia alinyoosha mkono autwae, na mkono haukufika. Hofu yote aliyokuwa akikimbia nayo tangu jana, juu ya pikipiki, kwenye kijito, chini ya madirisha kumi na manne, ilikuwa imemvumilia mpaka kazi ikaisha. Sasa ikamshika. Meno yakaanza kugongana. Alishika chuma cha kitanda, na kitanda kizima kikatetemeka pamoja naye.

Muuguzi aliyekuwa akipita na sinia akasimama. "Mgonjwa ni yupi hapa?"

"Huyu," alisema Don Ulises, akavuta miguu yake juu, taratibu, huku akikunja uso kwa maumivu ya nyonga, hadi nusu ya kitanda ikawa wazi. "Mletee blanketi. Kaa, Nibia. Kaa tu hapo, hakuna mtu atakayekuondoa."